Kijiji Kisicho na Mgonjwa

Cheti kile kingali kimetundikwa katika ofisi ya mzee wa mtaa, ndani ya fremu ya kioo. Kinasema kwamba wazee wa mtaa wetu hapa Takaungu wana afya njema kuliko wazee wa mitaa yote ya jirani. Mimi ndiye niliyekipokea kwa mikono miwili, mimi ndiye niliyeomba dua ya shukrani, na mimi ndiye, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliyekisababisha kwa sehemu kubwa. Wakati nakipokea, mke wangu alikuwa nyumbani, amenyoosha mguu wenye kidonda juu ya kigoda.

Nianze na hicho kidonda, maana ndicho chenye uzito. Mengine ni porojo za wazee.

Mke wangu ana sukari kwa miaka mingi. Kiatu cha plastiki kilimchuna chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, pakawa na tundu la kuingia punje ya mbaazi, na tundu hilo likakataa kufunga. Kwa rehema za Mola, wakati huo kulikuwa na mradi mmoja wa afya uliotuletea kliniki ya wazee kila Jumanne: hema la turubai kando ya uwanja wa mikutano, viti vya plastiki, mashine ya presha, mizani, sanduku la dawa, na nesi mmoja mpole. Nesi alimsafisha kidonda, akakipima kina kwa kijiti chenye pamba, akakifunga, akaandika katika daftari lake. Kila Jumanne tundu lilikuwa limepungua kidogo.

"Bibi," nesi alimwambia, "tukienda hivi, mfungo utakukuta umepona. Lakini usinikose hata Jumanne moja. Kidonda cha mtu wa sukari kikiachwa wiki mbili tatu, kinageuka. Nisingependa tufike kwenye kukata."

Kukata. Neno hilo tulilisikia sote wawili, na njiani kurudi hakuna aliyelitaja. Hospitali kubwa iko Kilifi, nako ni pikipiki hadi barabara kuu, kisha gari, kisha foleni, na mguu unaoning'inia kwenye pikipiki juu ya mashimo hauponi. Hema lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Nilimshukuru Mungu kwa hema lile asubuhi na jioni, na pengine hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Mimi nimesomesha madrasa zaidi ya nusu ya umri wangu. Watoto niliowafundisha leo ni baba na babu za watu, na kama wamesahau yote, moja hawakusahau: mja halalamiki. Ukiulizwa hali, unashukuru. Hapa kwetu mtu anaweza kubebwa kitandani na vijana wanne, mkakutana naye njiani, mkamwuliza, "U hali gani?" naye akajibu kutoka kitandani, "Njema, alhamdulillahi. Nyinyi je?" Wanaombeba ndio hukonyeza jicho kwamba si njema. Na si sisi Waislamu peke yetu. Jirani zetu Wagiriama wa kanisani husema Mungu ni mwema, kisha wanakohoa. Isitoshe, kuna hofu ya kijicho, kuna haya, na kuna wakwe. Mzee akisema magoti yanamuuma, kesho wanawe wataanza kuzungumza habari ya kugawa minazi.

Basi mradi ukataka kujua nani anahitaji nini. Ukamtuma mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa Kigiriama, mlokole, hodari wa kutembea, apite nyumba kwa nyumba na maswali ndani ya simu. Alifika kwangu asubuhi moja, akanikuta barazani na rafiki yangu fundi, ambaye alikuwa mshona kanzu mpaka macho yalipomkatalia tundu la sindano.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo Maalim. Shikamoo fundi."

"Marahaba. Wambaje? Watoto? Mama yako amepoa? Mahindi yameshika?"

Alijibu yote kwa subira, njema, njema, njema, kisha akatoa simu na kuendelea kwa sauti ileile.

"Maalim, ninayo maswali ya mradi. Mwezi uliopita umepata kizunguzungu?"

"Alhamdulillahi."

"Ndiyo au hapana?"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

"Maalim, humu ndani hamna alhamdulillahi. Mna ndiyo na hapana."

"Basi simu hiyo haikulelewa," akasema fundi.

"Nikuwekee hapana?"

"Weka hapana," nikasema. Alfajiri ya siku hiyohiyo nilikuwa nimeukumbatia mwimo wa mlango kama mtu aliyeonana na nduguye aliyepotea, nikingoja nyumba itulie.

"Unaona vizuri?"

"Nakuona wewe, na nguo yako imekupendeza."

"Mwandikie anaona," fundi akadakia. "Juzi alimtolea salamu mbuzi wangu, na mbuzi akanyamaza kwa heshima."

"Na wewe fundi," mhudumu akamgeukia, naye midomo ilikuwa ikimcheza, "haja ndogo inakusumbua?"

Fundi alitazama juu kwenye makuti ya paa, kisha akanitazama mimi, kisha akarudi kwenye makuti. "Mwanangu, mimi nilimshonea mama yako gauni la harusi. Leo waniuliza nini?"

"Siulizi mimi. Inauliza simu."

"Iambie hatujambo."

Akaandika hawajambo. Kisha akauliza, "Na bibi yuko wapi? Naye ana maswali yake."

"Jikoni. Naye hajambo, alhamdulillahi. Mwandikie vivyo hivyo."

"Lakini Maalim, ule mguu..."

"Mguu unaendelea vizuri. Tunashukuru."

Alinitazama. Akalitazama pazia la mlangoni. Kwao kama kwetu, mzee hapingwi mbele ya mzee mwenzake. Akabonyeza. Nyuma ya pazia niliusikia mwiko ukisita ndani ya sufuria, kisha ukaendelea.

Hivyo ndivyo tulivyojibu, na nilikuja kujua baadaye kwamba nyumba zote zilijibu kama yangu. Bibi mmoja asiyeinuka kitandani alisema anamshukuru Mola kwa kumpumzisha. Daftari la nesi lilikuwa na vidonda, presha na macho mabovu. Simu ilikuwa imejaa furaha. Ofisi haikuwahi kuliona daftari. Iliamini simu.

Baada ya mwezi tukaitwa uwanjani. Alikuja afisa wa mradi, kijana wa bara, mstaarabu, shati limenyooshwa, na ametota jasho kwa joto letu. Soda ziligawiwa, hata kwa wenye sukari, kwa kuwa hakuna aliyeandikwa kuwa na sukari.

"Wazee wangu, hongereni sana!" akasema. "Tumepitia majibu yenu ofisini, tukashangaa. Hamna kizunguzungu, hamna maumivu, mnaona, mnasikia, mnatembea. Tumekuja kuwapatia cheti. Na kwa sababu nyinyi mko sawa, ile kliniki tumeonelea ihamie kule Tezo, maana kule wazee wako na shida kweli kweli."

Tulipiga makofi. Naandika haya kwa aibu, lakini tulipiga makofi. Neno hongera lilikuwa limetangulia, na mtu akipewa hongera hasikilizi kinachofuata. Nikaitwa mbele nipokee cheti na kuomba dua. Nikainua mikono. Nikamwomba Mola aubariki mradi, ampe afisa kheri na mke mwema, awafikishe salama wasafiri. Na nilipofika kwenye kuwaombea shifaa ndugu zetu wa Tezo, ndipo maana ya yale maneno iliponifikia. Macho yangu yalikuwa wazi. Nilimwona nesi akikunja turubai. Dua ikianza haikatwi. Nikaendelea mpaka mwisho, na wazee wenzangu wakaitikia amina kwa nguvu za watu wasio na mgonjwa.

"Watu wa Tezo wanaumwa nini?" fundi akaninong'oneza nilipoketi.

"Wanaumwa kama sisi. Ila wao walisema."

Nilirudi nyumbani na cheti kwapani, kwani mzee wa mtaa alinitaka nikionyeshe kwanza kwangu.

"Umepewa nini?" mke wangu akauliza.

"Cheti."

"Kinasemaje?"

"Kwamba tu wazima."

Alikitazama bila kukigusa. "Na Jumanne nani atanifunga mguu?"

Nikamwambia tusubiri, Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri.

"Siku ile nilikuwa jikoni," akasema. "Nilikusikia. Umenishukuria bila kuniuliza. Haya. Shukrani umezichukua wewe, na kuumwa umeniachia mimi."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akisema neno zito kuliko hilo, na alilisema huku akinimiminia chai.

Nilikwenda kwa mhudumu, naye hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi. Akapiga simu huku na huko. Jibu likawa kwamba majibu yanaweza kurudiwa mara moja tu, na afisa atakuja kushuhudia mwenyewe, lakini si kabla ya wiki tatu. Ofisini, alisema, walishindwa kuelewa jinsi kijiji kizima kinavyoweza kuugua kwa siku moja.

Wiki tatu. Tulijaribu Kilifi mara moja, na mke wangu alirudi na bandeji iliyojaa vumbi na damu, akaapa hatapanda tena pikipiki. Nikawa namfunga mwenyewe, kwa vipande vya kanga kuukuu na asali na dua, nikigeuza uso pembeni. Kidole kilianza kuwa na rangi ya bilingani. Nilimwuliza kila asubuhi kama kinamuuma, naye akanijibu kwa jibu nililokuwa nimeufundisha mji mzima.

Ndipo nikafungua darasa. Kila baada ya Alasiri niliwakusanya wazee kwenye baraza ya msikiti, Mkristo na Mwislamu, nikawafundisha kulalamika.

"Maalim," fundi akasema siku ya kwanza, "umri wote umetufundisha kushukuru. Leo watutaka tukufuru?"

"Kusema unapoumwa si kukufuru. Hata Mitume waliugua, na walimwambia Mola wao kwamba wanaumwa."

"Walimwambia Mola. Hawakuiambia simu."

"Fundi, magoti yako yakoje?"

"Si haba."

"Si haba si ugonjwa! Rudia."

"Yana... yanajikumbusha kidogo."

"Yanakuumaje wakati wa kusujudu?"

"Ah, hapo?" Akasahau kwamba ni darasa. "Hapo, yakhe, nikiinuka nasikia kama mtu anavunja kuni. Mara nyingine nabaki chini kidogo zaidi, watu wakadhani nimezidisha ucha Mungu."

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa akizihesabu sijda zake ndefu. Siku ya tatu walikuwa wamepata utamu wake, wakaanza kushindana. Mzee muuza kahawa alijibu ndiyo kwa kila swali nililotunga, hata lile la wanawake peke yao, na nilipomrekebisha alinuna, akasema kama ni ugonjwa basi apewe wote. Fundi aliazima bakora. Nilikwenda kulala nikiamini kwamba tuko tayari.

Siku ikafika. Viti vikapangwa uwanjani, wanaume upande huu, wanawake kwenye mikeka upande ule. Mke wangu alikuja polepole, ameegemea jirani yake, amevaa kandambili kubwa ya mwanangu ili bandeji ienee. Afisa alishuka garini, akapita akitusalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili, kama mtu aliyefundishwa vizuri.

"Shikamoo fundi. Habari ya afya?"

"Marahaba, mwanangu! Salama kabisa!" fundi akasema, na bakora akaificha nyuma ya kiti.

"Magoti yanasumbua?"

"Magoti? Tunamshukuru Mungu."

Nilimkanyaga mguu. Alinitazama kwa macho ya kuomba msamaha. Muuza kahawa akasema hajambo. Jirani yetu wa kanisani akasema Bwana ni mwema. Mhudumu alisimama na simu mkononi, machozi yakimlengalenga, bonyeza, bonyeza, hapana, hapana.

Nikasema moyoni, hawa ni wanafunzi wangu, kosa ni la mwalimu, nami nitalisahihisha. Afisa akafika kwangu, akainama.

"Shikamoo Maalim. Bado naikumbuka ile dua yako. Nimepata mchumba. U hali gani?"

"Marahaba, mwanangu, Mola akutimizie," nikasema, na ulimi wangu ukaenda zake bila mimi. "Mimi mzima wa afya, alhamdulillahi."

Wallahi, nililisikia likitoka. Nilitaka kulirudisha, na kijana alikuwa ameshasogea kwa mwingine.

Hapo ndipo niliposikia kandambili ikiburutwa. Mke wangu alikuwa ameinuka mkekani. Alivuka uwanja, akapita kati ya viti vya wanaume, mwanamke ambaye kwa haya zake hanunui samaki ila kwa kunena nyuma ya mlango. Akavuta kiti, akaketi mbele ya afisa.

"Shikamoo mama," kijana akasema. "Habari ya..."

"Marahaba. Usiniulize habari. Ukiniuliza nitakujibu kama hawa."

Akainama, akaanza kufungua kile kitambaa cha kanga, mzunguko baada ya mzunguko, bila haraka. Nilitaka kusimama nimzuie. Sijui nilitaka kuzuia nini. Harufu ilitangulia. Afisa alirudi nyuma hatua moja, kisha, namshukuru kwa hilo, akarudi mbele na kupiga goti kwenye mchanga. Kidole kilikuwa cheusi.

"Alhamdulillahi," mke wangu akasema. "Hilo andika. Na hiki nacho kiandike. Vyote viwili ni vya kweli."

Kisha fundi, bila kuulizwa na mtu, akaitoa bakora nyuma ya kiti, akasema kwa sauti nyembamba, "Mwanangu, mimi nyumbani naketi kwenye ndoo, chooni siwezi kuchuchumaa." Na muuza kahawa akasema haoni jicho la kulia, tangu mwaka juzi. Na jirani yetu wa kanisani akasema yake. Hawakushindana tena. Walisema mmoja mmoja, wengi wakitazama chini, na mhudumu alibonyeza mpaka vidole vikamchoka.

Sikukaa kuyasikia yote. Gari la afisa lilimpeleka mke wangu hospitali ya Kilifi muda uleule, nami nikiwa nimempakata mguu juu ya mapaja yangu.

Hema limerudi, ingawa sasa ni la kupokezana, Jumanne moja kwetu na moja Tezo. Ofisini nao wamejifunza kitu, kwani mhudumu alinionyesha kwamba simu imeongezewa jibu la tatu: mzee ameshukuru, mtazame mwenyewe. Ningependa kusema kwamba hilo lilikuja mapema. Kidole gumba kilikatwa siku ya pili baada ya kufika hospitalini, na kidole cha kando yake juma lililofuata. Daktari alisema mguu wenyewe utabaki, ikiwa tu utasafishwa na kufungwa kila siku, si kila Jumanne, na mtu anayejua anachofanya. Akatutazama wote wawili.

"Nani atakuwa akimfunga nyumbani?"

"Binti yetu yuko Mombasa," nikaanza, "na mke wa mwanangu ana..."

"Mimi nimeuliza nani yuko nyumbani."

Nikasema niko mimi.

Basi wakanifundisha, wodini, mchana, mbele ya wanawake kumi na ndugu zao waliokuja kuwaona. Nesi wa wodi, mama mnene asiyependa mzaha, alinivisha glavu kama mtoto anayevishwa kofia ya Idi. Nikapiga magoti sakafuni. Magoti yangu yalilia, nami niliyasikia na wodi iliyasikia.

"Maalim," akasema mgonjwa wa kitanda cha pili, "huyo mkeo alikupa nini? Wangu hajawahi hata kunishikia kikombe."

"Mwache apige magoti," mwenzake akajibu. "Ana deni huyo. Hukusikia kisa cha cheti?"

Kumbe kisa kilikuwa kimefika Kilifi kabla yetu.

"Usigeuze uso, baba," nesi akasema. "Kidonda hakiponi kwa kutazamwa pembeni. Tazama. Hapa pekundu ni pazuri. Hapa panapotoa maji ndipo pa kusafisha. Toka katikati kwenda nje, usirudi."

Nikatazama. Ulikuwa mguu niliokuwa nikiusikia ukipita uani kila alfajiri kwa zaidi ya miaka arobaini, na sikuwa nimewahi kuutazama. Nikachukua pamba, nikaichovya, nikaanza katikati.

"Polepole," mke wangu akasema. "Si udhu huo unaotia."

"Inauma?"

Nilidhani atanijibu nilivyozoea, nami nikaacha mkono juu ya kidonda, nikingoja.

"Inauma," akasema. "Hapo upande wa ndani. Inauma sana."

Nikaulegeza mkono, nikaanza tena.